Kiingereza cha kwanza cha Rehema

Jamani, Kiingereza cha kwanza mwanangu kukileta nyumbani ni cha kujitukana!

Rehema ana miaka minne, ndiyo kwanza ameanza nasari hapa Mjambere. Leo nimempa kikombe cha uji uliopoa ampelekee bibi yake, mamake mume wangu. Hata mlangoni hajafika, puu! Uji wote chini.

Kabla sijafungua mdomo, kaniangalia kwa upole, kasema, "Mimi ni klamzi, mama. Batafinga."

Mimi Kiingereza changu mwakijua. Nikamwita jirani.

"Klamzi ni mtu wa kuangusha-angusha vitu," akasema. "Batafinga, eti vidole vyake vina siagi. Nani kamwita mtoto hivyo?"

"Ticha," Rehema akajibu. "Nikishika kwa huu." Akainua mkono wa kulia.

Mwanangu ni wa kushoto! Ila shuleni wamemkataza, na sisi nyumbani tumemkataza, kwamba kumpa mtu kitu kwa kushoto si adabu.

Nikajaza kikombe kingine. "Shika unavyotaka, mama."

Kashika kwa kushoto. Kaenda mpaka kwa bibi, halikumwagika hata tone.

Hapo nimebana pumzi, maana bibi ndiye mkali wa mkono huo kutushinda sote. Kautazama, kautazama...

"Lete, mke mwenzangu. Hata ukiniletea kwa mguu nitakunywa."

Kesho asubuhi naenda kwa ticha, na nataka kwenda kwa adabu. Nyie mngeanzaje?