Kona ya Kunyamaza

Nilipokuwa mtoto, nilifundishwa kunyamaza kabla sijafundishwa kusoma. Aliyenifundisha ni hawe, ndivyo sisi Wagiriama tunavyomwita nyanya, mama yake mamangu. Ukitoka Marereni kuja Malindi, kabla hujafika Mambrui, palikuwa na kona yenye kichaka cha mikwaju, na kwenye matawi watu walikuwa wamefunga vitambaa vyeusi na vyekundu. Hapo, alisema hawe, pana wenyewe, yaani mizimu wenye mahali pale. Ukipita na gari uinamishe kichwa, ufumbe macho, na usithubutu kumwita mtu jina, maana wenyewe wakilisikia wanamchukua mwenye jina.

Nisikudanganye, niliamini. Mtoto wa miaka tisa ana ubishi gani na hawe yake? Hata watu wazima, wa kanisani na wa msikitini, walinyamaza pale. Gari zima lingekuwa likipiga soga tangu Gongoni, likifika kona kimya, kisha mbele kidogo soga zinaanza tena.

Mwaka huo alifariki baba mdogo wa mamangu, mtu aliyefanya kazi ya chumvi Marereni maisha yake yote. Sisi wa Muyeye, huku Malindi, tukaenda matangani kwa pikapu ya Mjomba Kazungu, kaka yake mama. Matanga ya kwetu hayana kulala. Kuna ngoma, kuna kilio, kuna wageni wa kulishwa, na kwa kuwa mjomba ndiye mwenye gari, kila kitu kilimwangukia yeye: maji, kuni, mbuzi, wazee wa kuletwa kutoka Marafa. Siku tatu, usiku na mchana. Asubuhi ya nne nilimwona akijimwagia maji kichwani, macho mekundu, na wanawake wakimtania kwamba amelewa. Hakuwa amelewa, mjomba hakuwahi kuonja pombe. Alikuwa hajalala, basi, na kwetu hilo halikuwa jambo. Mlevi angenyang'anywa ufunguo. Mwenye usingizi alipewa sahani ya sima akaambiwa safari njema.

Tuliondoka baada ya chakula cha mchana, jua la utosi. Mbele tulikaa watatu: mjomba kwenye usukani, mimi katikati kwa sababu nyuma nilikuwa natapika, na hawe dirishani. Nyuma, juu ya magodoro na masufuria, walikaa mama na dada yangu Dama. Dama alikuwa na miaka kumi na sita, mcheshi, mwingi wa maneno, hakumwacha mtu bila kumchokoza. Nilimpenda kuliko mtu yeyote pale nyumbani.

Tulipoikaribia kona, hawe alinigusa goti, akajifunika leso usoni. Nikainamisha kichwa. Lakini nilikuwa mtoto mdaku, nikachungulia kwa jicho moja, nikamwona mjomba naye amefumba macho.

Nilifurahi. Nasema kama ilivyokuwa: nilifurahi. Mjomba alikuwa na tabia ya kuzicheka habari za wenyewe, nami nikadhani leo, kwa ajili ya msiba, ameamua kuwaheshimu. Kisha kidevu chake kikashuka kifuani, mdomo ukaachama, na mkono wake wa kushoto ukateleza kutoka kwenye usukani ukaniangukia pajani, mzito. Hapo nilijua amelala. Watu huniambia kwamba mtoto wa umri ule hawezi kujua. Nilijua. Jina lake lilikuwa limefika mdomoni, nikalimeza, maana nikilitamka pale wenyewe watamchukua mjomba wangu. Kwa akili zangu nilikuwa namwokoa. Hata kumfinya sikumfinya.

Gurudumu liliposhuka kwenye changarawe mjomba alizinduka, akakata usukani kwa nguvu, na gari likapinduka. Mama alivunjika nyonga. Dama alirushwa, tukamkuta chini ya kichaka kile cha mikwaju, hana hata mchubuko wa kuonekana. Alikuwa amekwisha kufa.

Kule kutokuwa na jeraha ndiko kulikomaliza maneno. Kila mtu alisema wenyewe wamemchukua. Hata kabla hatujazika, hawe alinivuta pembeni akaniuliza kama nilitaja jina la mtu pale kwenye kona. Nikamwambia sikutaja.

"Vyema, mwanangu," akasema, akinipapasa kichwa. "Wewe una adabu."

Nilisifiwa, jamani. Nilisifiwa kwa kunyamaza, na dada yangu amefunikwa shuka chumba cha pili.

Alichinjwa mbuzi mweusi pale kwenye kona, na vitambaa vikaongezwa. Matangani kwa Dama mjomba alikesha tena siku tatu, kisha akawarudisha wageni makwao kwa gari la kuazima. Hakuna aliyemzuia. Angezuiwa kwa lipi, na kosa lilikuwa la wenyewe?

Sasa mimi ni mtu mzima, nauza leso, na kila wiki niko barabarani kwenda Mombasa kuchukua mzigo. Nikimwona dereva anajikuna shingo, anafungua dirisha, anapiga miayo, sinyamazi. Namwambia aweke gari pembeni, anawe uso, alale hata nusu saa, asipotaka, nashuka. Abiria wenzangu huniona mkorofi. Mmoja aliniuliza kama mimi ndiye mke wa dereva hata nimchunge usingizi wake. Waniite watakavyo.

Mwaka jana nilimwendea Mjomba Kazungu nikamweleza nilichokiona. Alinisikiliza mpaka mwisho, mzee wa watu, kisha akaniambia kwamba tangu siku ile alijua amelala. Watu waliposema ni wenyewe, alishukuru moyoni, akanyamaza. Nilikwenda pale nikiwa tayari kumchukia, sikuweza. Sote wawili tulikuwa tumejificha nyuma ya uongo mmoja.

Akabaki mama. Miaka yote hii alikuwa akijiuliza Dama aliwakosea nini wenyewe hata wakamtaka yeye. Alikuwa akiirudia kila tabia ya mtoto wake, vicheko vyake, mdomo wake, akitafuta kosa. Niliona huko ni kumdhulumu marehemu. Jioni moja nikamkuta uani kwake akichambua mchicha, nikamwamkia, nikaketi, nikamwambia yote: macho ya mjomba, mkono wake, jina nililolimeza.

Hakulia. Aliuweka mchicha juu ya ungo.

"Kwa hivyo Dama hakuwa na kosa," akasema.

Nikamwambia hakuwa na kosa lolote. Akaitikia kwa kichwa, polepole, kisha akaniuliza kwa sauti ndogo:

"Ilikuwa ni kumgusa tu, aamke?"

"Ndiyo, mama."

Akarudi kwenye mchicha wake. Hajaniuliza tena tangu siku hiyo, lakini najua hajaacha kulifikiria jibu langu, kwa sababu mimi pia sijaacha. Ilikuwa rahisi kwetu kuishi na wenyewe wa kona kuliko kuishi na jibu lile. Lakini Dama alistahili tuishi nalo.