Nyambura Hakuweza Kuvuka Gogo

Enzi zetu kule Tetu, mtoto alijulikana kwa miguu yake. Asubuhi tulikatiza mashamba ya majani chai pekupeku, githeri ya jana, mahindi na maharagwe, tumboni, umande ukituuma magoti. Jioni barabara ya udongo ilikuwa uwanja wetu wa kati, ule mchezo wa kukwepa mpira, mpaka moshi wa kuni ukatuita nyumbani. Watoto wa siku hizi pia wana mbio, ila ni za vidole gumba kwenye simu.

Mdogo wangu Nyambura hakuwa na mbio za aina yoyote. Mdomo wake ndio uliokuwa mwepesi: akiwa darasa la pili alisoma Biblia kanisani bila kukwama. Lakini vifungo vya sweta alivifunga kombo, mpira ulimpiga usoni kabla hajainua mikono, na kikombe cha chai hakikufika mezani kikiwa kimejaa. Mwalimu aliandika kwenye ripoti kwamba ni mvivu. Mama naye alizoea kusema, "Huyu iko na maneno mingi, lakini mikono ni ya kuazima." Tulicheka sote. Nyambura pia alicheka, nami nikakiamini kicheko chake.

Kwenda shuleni tulivuka mto juu ya gogo la mkaratusi. Sisi wengine tulilipita mbio. Nyambura alivuka ameketi, akijisukuma kidogo kidogo, nami nikimngoja ng'ambo. Asubuhi moja ya mvua ya Aprili maji yalikuwa yamepanda, akakataa hata kuketi. Kengele ililia, na waliochelewa walichapwa. Nilimpigia kelele azunguke kwa barabara, akate kushoto kwenye kituo cha majani chai. Kisha nikakimbia.

Hakufika. Nilikaa darasani nikitazama mlango. Saa sita nilirudi mtoni nikaanza kutafuta rangi ya sweta yake majini. Nilipoikosa nilimkimbilia Baba shambani, nikamwambia tu kwamba Nyambura hayuko shuleni. Yeye na majirani walimpata jioni, mbali kwenye njia ya kuelekea msituni, amelowa chepechepe, bado anatembea. Baba alimchapa kwa kutoroka shule. Mimi nilinyamaza.

Muhula huu mwalimu wa binti yangu Wairimu, mwenye miaka saba, aliniita shuleni kwao hapa Nyeri mjini. Alisema mtoto anasoma kuwashinda wenzake, lakini kunakili ubaoni kunamshinda, na hupotea akitoka chooni kurudi darasani.

Tulienda hospitali kwa mama mmoja anayewapima watoto wa namna hiyo. Alimpa shanga atunge, karatasi akate, mpira adake. Kisha akanieleza kwamba kuna watoto ambao maneno huwaingia kirahisi, lakini kupima nafasi kwa macho na kuuelekeza mwili huwawia vigumu. Si uvivu wala ujeuri. Hufundishwa hatua moja moja, tena kwa maneno, kwa sababu maneno ndiyo wanayoyashika. Nilimuuliza kama atapona. Akasema huu si ugonjwa wa kupona. Atajifunza njia zake.

Nilimpigia simu Nyambura, ambaye sasa anafundisha historia Timau, nikamweleza yote.

"Ile siku nilifika hapo kwa kituo," akasema. "Ulikuwa umeniambia kushoto. Sikujua kushoto ni gani."

Nikamwomba msamaha. Akaniambia hata mimi nilikuwa mtoto. Halafu akauliza kama Wairimu huchapwa.

Hachapwi. Enzi zetu tulikuwa na uwanja mpana na michezo isiyo na gharama, na natamani binti yangu angeionja. Ila hatukuwa na mtu wa kuuliza kwa nini. Wairimu anaye, na bado wakati wa mapumziko husimama peke yake ukutani wenzake wakicheza. Nilimwona juzi kupitia ua wa waya wa shule. Nilitaka kuingia. Nilibaki nimeshika waya, nikiomba mtoto mmoja tu amwite kwa jina.