Amiba ya Kila Mtu

Shangazi yangu, sengi kama tunavyomwita nyumbani, alifika kwangu Bariadi kutoka Shishiyu akiwa na tumbo gumu na miguu myembamba. Alikuwa ametibiwa amiba kwa zaidi ya mwaka. Kila mara alikuja kupima kwenye maabara ileile karibu na stendi ya hapa mjini, na kila mara jibu lilikuwa hilohilo.

Mimi ni mtu wa maabara. Nilimpima choo mwenyewe pale kazini kwetu. Amiba sikuiona. Niliona mayai ya kichocho cha tumbo, yenye mwiba ubavuni, mengi. Mwanamke aliyelima mpunga majarubani maisha yake yote, na hakuna aliyewaza kichocho.

Kesho yake nilipeleka vikopo viwili kwenye maabara ile, kama mteja tu. Kimoja cha sengi, kingine changu, nilichokwisha kukipima nikakuta hakina kitu. Sikumaliza hata soda, majibu yakatoka. Amiba, vyote viwili.

Nikajitambulisha, nikaomba kuangalia slaidi. Kijana aliyekuwa anapima akamtazama mwenye maabara, aliyekaa mezani. Nikasogea kwenye hadubini mwenyewe. Taa yake haikuwaka.

"Imeungua lini?" nikauliza.

"Fundi anakuja," akasema mwenye maabara.

Nikamuuliza kama wanaanza siku kwa slaidi ambayo jibu lake wanalijua, kama sisi, ili waone kama mashine na macho vinasema kweli.

"Dada, watu wa huku wote wana amiba. Ukimwambia mgonjwa hana kitu, anaenda kwa jirani."

Nilimwambia kikopo kimoja ni changu, na kingine ni cha shangazi, mama aliyenilea.

Nilipeleka malalamiko wilayani. Wakaguzi walikwenda, wakamfungia. Baada ya muda akanunua taa, akafungua tena, na foleni ikarudi.

Sengi alimeza dawa ya kichocho, minyoo ikafa. Ini lilikuwa limeshaharibika. Daktari alinieleza taratibu, mimi nikamweleza yeye kwa Kisukuma.

"Ng'wanone, mwanangu, usigombane na watu," aliniambia. "Yule kijana alikuwa ananisalimia vizuri."

Nilitoka nje nisimjibu vibaya. Sasa hivi anatapika damu, tunampeleka hospitali Mwanza na kurudi. Nikipita stendi navuka barabara, maana sijiamini nitasema nini.