Ndoo ya Mama

Juzi, nikipita Masasi, nilimwona kijana akitoka bombani na ndoo kichwani, anapiga mluzi, na hakuna aliyemcheka. Nikamkumbuka marehemu mama.

Mchana mmoja, utotoni mwangu, nilikuwa na siku chache tu tangu nitoke jandoni, shati langu bado linanukia upya wa dukani. Nilimsindikiza mama chemchemini, bondeni chini ya Newala. Mimba yake ilikuwa kubwa. Sikuwahi kumwona mwanaume wa kwetu amejitwika ndoo, kwa hiyo niliamini kwamba jando limenibadilisha shingo, na kwamba nikithubutu itavunjika.

Tukirudi na ndoo imejaa, tulipofika katikati ya mlima mama aliitua, akaketi, akahema kwa muda mrefu. Nikaweka kata yake ya kitambaa kichwani, nikajitwika ndoo kwa woga. Maji ya baridi yalinimwagikia mgongoni, lakini shingo ilikaa imara.

"Mama, naweza!"

"Naona, baba. Taratibu."

Mara tukasikia wanaume wakishuka huku wanacheka. Mama aliinuka haraka, akanitua ndoo, akajitwika mwenyewe.

"Wasikuone," alininong'oneza.

Niliwaamkia, wakaitikia. Mmoja akasema, "Mama Hamisi, leo una mlinzi!"

"Ndiyo, mwanangu kawa mwanaume," mama akajibu, pumzi zikimkatika.

Nilifurahi mno. Nikatangulia kwa mwendo wa kiume mpaka nyumbani, nikimwacha nyuma na ndoo ile, ingawa nilikwishajua kwamba shingo yangu inaiweza.