Mkwe Wangu Mbunge Aliyehutubia Ukuta

Mwaka ule bei ya kobalti iliporomoka, serikali ikazuia isipelekwe nje mpaka bei ipande tena. Wanunuzi wakafunga maghala yao, wachimbaji wakakosa pa kuuza, na mimi mwenye malewa yangu kule Kolwezi, kibanda cha chakula nilichokiendesha miaka ishirini, nikabaki kufukuza nzi. Dada yangu aliniita nihamie Fungurume, ambako wafanyakazi wa mgodi mkubwa bado walikuwa na mshahara. Sikutaka. Kibanda kile ndicho kilichomsomesha binti yangu.

Ndipo mbunge wetu akarudi kutoka Kinshasa kueleza mambo hayo kwenye ukumbi wa parokia. Mbunge huyo ndiye aliyemwoa binti yangu. Kwetu mkwe hamtazami mama mkwe usoni, hali chakula mbele yake, na wakikutana njiani yeye ndiye anayeingia majanini. Kumwongopea ndiyo usiseme. Kwa hiyo nilikusudia kukaa nyuma, karibu na mlango. Vijana wake wa itifaki, wote wa Kinshasa wasiojua mila yetu, wakanishika mikono kwa heshima nyingi, wakanikalisha mstari wa mbele, hatua tatu kutoka kwenye maikrofoni. Ningeweza kukataa. Lakini kiti kilikuwa na mto, na magoti yangu ni ya kizee.

Mkwe aliponiona aligeuka upande. Akahutubia ukuta wa kushoto, palipotundikwa kalenda ya parokia.

“Ba tata na ba mama, mi niko naunga mukono guvernema,” aliiambia kalenda. “Tukifunga kobalti, bei itapanda. Tuvumilie tu kidogo. Ile ni strateji.”

Waliokaa kushoto walipiga makofi, wakidhani wamependelewa. Wa kulia wakaanza kunung'unika.

“Na siye ba huku, hatukumuvotea?” mmoja aliuliza.

Mkwe akaongeza Kifaransa. Jambo likimshinda, yeye huongeza Kifaransa. Nilimjua hivyo tangu alipokuja kuposa. Hasira zikanipanda. Habari za bei sikuzitaka, nilitaka kujua kama nifunge kibanda changu. Ila mama mkwe hamuulizi mkwe moja kwa moja, basi nikamnong'oneza katekista aliyekaa kando yangu aniulizie kuhusu Jumatatu. Akasimama.

“Mueshimiwa, mama mukwe wako anauliza: lundi apike, ao aende Fungurume kwa dada yake?”

Mkwe alishika maikrofoni kwa mikono miwili, akausoma mwezi mzima kwenye kalenda, tarehe kwa tarehe. Jasho lilimtiririka shingoni, na shingo ndiyo sehemu pekee niliyoweza kumwona vizuri. Kifaransa kikamwishia.

“Mumwambie mama asipike,” alisema polepole. “Aende.”

Watu wakanyanyuka, hata wale wa kushoto, bila kungoja soda. Mwenye duka la koleo na tochi za wachimbaji alitoka wa kwanza. Mimi nilibaki nimekaa, nalia waziwazi, na kumkasirikia sikuweza. Alikuwa na ukumbi mzima wa kuupendeza, akachagua kutonidanganya mimi. Binti yangu ameolewa vizuri, nikajiambia, kisha nikaenda nyumbani kufungasha masufuria.