Kipimo cha Kidole Gumba

Lazarus Wesonga amepima vidole vyangu mara tisa, na mume wangu anajua. Nalisema mapema kwa sababu hapa mtaani kwetu Satellite mwanamume akikushika mkono mchana kweupe, kabla hujafika nyumbani umeshaachika na kuolewa tena. Alikuwa akivipima kwa kile chuma cha kupimia unene wa bomba, kimoja kimoja, halafu anaandika kwenye daftari lililojaa grisi: Mama Stacy, gumba, milimita ishirini na moja. Hakuniandama mimi peke yangu. Alimpima mama mboga wa pale kona. Alimpima mwashi mmoja wa Kawangware mwenye gumba nene kama karoti, milimita ishirini na sita. Watoto wa shule aliwapanga foleni na kuwapa mandazi kila aliyekubali kunyoosha mkono. Watu walisema jamaa amerukwa na akili. Hata mimi nilisema, na mimi ndiye niliyekuwa nikifanya kazi naye.

Kazi yake ni kubuni viti vya kujikunja, vile vya kumbi za maigizo na mikutano. Ukisimama, kikalio kinajiinua chenyewe ili mwenzako apite bila kukukanyaga. Anachora nyuma ya makatoni, anakata mabomba, anachomelea, anakaa, anasimama, anakaa tena, mpaka unachoka kumtazama. Karakana yetu iko kwenye ploti aliyoacha marehemu baba yangu. Wesonga yuko upande wa kushoto na vyuma vyake, mimi kulia na cherehani, sponji na vitambaa. Mwaka wa saba huu tunafanya hivyo, na tumegombana karibu kila wiki. Mimi nina mdomo, sikatai. Yeye akikasirika ananyamaza, na hicho ndicho kinachonikasirisha zaidi.

Ana sheria moja. Kwenye kiti chake, kila mahali vitu viwili vinapokutana, ama kidole cha mtoto kisiweze kuingia hata kwa bahati mbaya, ama kidole cha mwashi kiingie na kutoka bila kuguswa. Ukimletea kitu cha katikati anakirudisha. Siku moja alinirudishia vikalio arobaini kwa sababu ya kimshono nilichokizungusha pembeni kwa urembo. Arobaini! Nilimwambia, "Wesonga, kwani wewe ulitumwa na vidole vya dunia nzima?"

Akaweka nyundo chini, akanieleza.

Alikuwa na miaka tisa, dadake Everlyn sita. Kulikuwa na harusi kanisani kwao Butula, na kanisa lilikuwa limeazima viti vya chuma vya kukunja. Everlyn alichuchumaa kando ya kiti, mkono wake umeingia pale chuma kinapokutana na chuma, anachokora tu kama watoto. Wesonga akaja mbio akajitupa juu ya kile kiti. Kidole kidogo cha mkono wa kushoto kikakatika katikati.

"Unajua kinachoniuma ni nini, Mama Stacy?" aliniambia. "Sikusikia kitu. Nilikaa vizuri kabisa."

Everlyn hakuwahi kumlaumu. Lakini tangu siku ile, miaka thelathini na minne, hajakalia kiti cha kujikunja. Akienda matangani anabeba kigoda chake kwapani, na huko kwao wameshazoea. Wesonga kila akikiona kile kigoda anaangalia pembeni. Toka siku hiyo aliponieleza sikumcheka tena kuhusu vidole. Mambo mengine niliendelea kumcheka.

Sasa mwaka huu tukapata kazi kubwa. Ukumbi mmoja wa katikati ya mji, ulikuwa umefungwa miaka mingi, ukafanyiwa ukarabati, wakataka viti mia tatu na kumi na viwili. Tulishona na kuchomelea miezi mitano. Wiki ya mwisho Wesonga akasema anaenda nyumbani kumleta Everlyn aje aone ufunguzi. Hakusema kwa sauti, lakini nilimwelewa. Alitaka dadake akae. Hicho tu. Katika maisha yake yote hicho ndicho alichokuwa akitaka.

Akipanda basi kuondoka alinionya, "Mama Stacy, usiongeze hata uzi."

"Nenda bwana, unanifunza kushona?"

Siku ya pili yake, nikiwa ukumbini, akaja Kiarie, msimamizi wa pale, viatu vinang'aa, simu mbili mkononi. Akapapasa vile viti vya safu ya mbele, akafanya uso kama amelamba ndimu.

"Mama Stacy, hizi za mbele ni za wageni waheshimiwa. Sasa mheshimiwa atakaa kwa kiti sawa na ya mwanafunzi? Ongeza sponji bana."

Ningemwambia hapana. Ningempigia Wesonga simu. Lakini jamani, mimi ni mtu wa hapa. Ni shughuli gani umewahi kuona nchi hii ambapo mgeni wa heshima amekalia kiti kama cha wengine? Hata kijijini wakikosa vyote, wataenda kung'oa sofa sebuleni kwa mtu na kuzitandika vitambaa vyeupe uwanjani. Sofa za mama yangu zimebebwa mara mbili kwa ajili ya chifu, na moja ilirudi bila mguu. Kwa hiyo nilipoambiwa waheshimiwa, mikono yangu ilianza kukata sponji kabla kichwa hakijafikiri. Na sponji si chuma, nilijiambia, sponji itamuumiza nani? Nikaongeza inchi moja kwenye viti ishirini na viwili vya mbele, kikalio na mgongo, nikavishona kitambaa chekundu cha damu ya mzee. Vilipendeza, ngai! Nilijipongeza kwa chai na samosa mbili.

Wesonga alirudi Alhamisi. Ijumaa yeye alikuwa ukumbini, mimi nilikuwa nasukwa nywele za ufunguzi, kwa hiyo tulikutana Jumamosi yenyewe asubuhi, hukohuko ukumbini. Everlyn alikuwa naye. Mwanamke mrefu, leso ya kijani, mcheshi mpaka unasahau ni mgeni. Alinisalimia kwa mkono wa kushoto makusudi, ule wa kidole nusu, ili tumalize hiyo habari mapema.

"Wewe ndiye Mama Stacy unayemgombeza ndugu yangu?"

"Ndiye mimi, dada. Karibu ukae."

"Asante, nimekaa sana kwa basi," akasema, akaegemea ukuta wa nyuma. Kigoda hakuja nacho, nilitazama. Lakini kukaa hakukaa.

Wesonga akainama kwenye kiti cha safu ya mwisho kumwonyesha kazi yake. Akapitisha gumba kati ya kikalio na mgongo wa kiti, pale nyuma ambapo watu hupoteza funguo na sarafu. Kidole kikapita wazi. "Inchi moja na nusu," alisema. "Hata mwashi wa Kawangware anapita."

Inchi moja na nusu. Nilisimama pale na nywele zangu mpya, nikapiga hesabu. Nimeongeza inchi kwa kikalio, inchi kwa mgongo. Sponji hujibana, sawa, lakini ndani ya sponji kuna mbao, na pembeni mbao inakutana na bomba. Mtu mzito akiketi, ile nafasi inakuwa nini? Inakuwa kitu cha katikati.

Nilipaswa kumwambia palepale. Nilifungua mdomo, huu mdomo wangu ambao haujawahi kukosa neno, nikamwona Everlyn anamtazama ndugu yake kwa furaha, nikaufunga. Nilijiambia nitamvuta kando. Na waheshimiwa ni watu wazima, nani kati yao atatia mkono nyuma ya kiti?

Lakini waheshimiwa hawakuwa wamefika. Waheshimiwa gani hufika saa tatu wakiambiwa saa tatu? Kiarie alikuwa anaongea kwa simu zote mbili, mara wametoka Lavington, mara bado wanakunywa chai Spring Valley. Na wapiga picha wameshaweka kamera zao, na safu ya mbele tupu inaonekana vibaya. Kwa hiyo Kiarie akafanya lile ambalo kila mtu hufanya. Alipiga makofi akaita watoto wa kwaya, wakae mbele kwanza, wageni wakija watainuliwa.

Haki ya Mungu, nilihisi baridi kwenye kucha. Watoto ishirini na wawili, soksi nyeupe, wakajimwaga kwenye viti vyangu vya damu ya mzee. Na wakagundua mara moja kwamba kiti kinajiinua chenyewe. Mtoto akigundua kitu kama hicho, ibada imeisha. Juu, chini, juu, chini. Mmoja mdogo, kama miaka sita hivi, peremende yake ikaponyoka ikaingia nyuma ya kiti. Akapiga magoti, akatia mkono mpaka kwenye kiwiko. Na mwenzake, kitoto kinene cha kupendeza, kikapanda juu ya mkono wa kiti hichohicho tayari kurukia kikalio.

Nilipiga yowe. Niliteremka zile ngazi na viatu vya kuazima, nikapoteza kimoja, napiga kelele "Toa mkono! Toa mkono!" kama nimeona nyoka, na kile kitoto kinene kikashtuka kikaruka.

Kikalio kikashuka, pu.

Yule mdogo akanitazama. Akatoa mkono taratibu. Vidole vitano, na kati ya viwili peremende yake, ina vumbi. Akaitia mdomoni.

Nilianguka kwenye magoti. Nilimwambia yule mnene aendelee kukaa hapohapo, asisogee, nikatia gumba langu mwenyewe nyuma yake. Likapita. Milimita ishirini na moja, na nafasi ikabaki. Nikajaribu kiti cha pili, cha tatu. Vyote vinapita!

"Unatafuta nini, Mama Stacy?" Wesonga alikuwa amesimama nyuma yangu, ameshika kiatu changu.

Hapo nikamwaga yote, mbele ya watoto, mbele ya Kiarie, na Everlyn anashuka ngazi anasikia. Kwamba niliongeza sponji. Kwamba nilionywa nikapuuza. Kwamba karibu nimkate mtoto wa watu kidole kwa ajili ya waheshimiwa ambao hata hawajamaliza chai.

Wesonga alisikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema, "Najua."

"Unajua?"

"Jana nilipitisha kidole kwa kila kiti. Mia tatu na kumi na viwili. Hivi vya mbele vilinikwama." Akainama akanionyesha zile nati za mgongo wa kiti. Matundu yake aliyatoboa marefu tangu mwanzo, ili mgongo uweze kusukumwa nyuma ukitaka. Alivilegeza vyote ishirini na viwili, akavisukuma, akavikaza. "Nilimaliza saa nane mchana."

"Na hukuniambia! Wesonga, mimi nimekufa hapa mara mbili na wewe ulijua!"

"Ningekuambia ungebishana mpaka wageni wafike."

Nilimpiga begani kwa kile kiatu. Halafu nikalia, nasema wazi nililia, machozi ya mtu aliyeshushiwa gunia la saruji mgongoni. Watoto wakacheka, na mimi nikacheka nao huku nalia.

Everlyn alikuwa amefika. Hakucheka. Alimwomba yule mtoto mnene asimame, kikalio kikajiinua. Akakitazama mbele, akakitazama nyuma. Akachuchumaa kando yake, mwanamke mzima na leso yake ya kijani, akaingiza mkono wa kushoto mpaka kwenye kifundo.

"Lazaro," akasema. "Kalia."

Wesonga alirudi nyuma hatua moja. "Everlyn, hapana. Wacha nitie kipande cha mti uone."

"Sitaki kuona mti. Umepima vidole vya Nairobi nzima, Mama Stacy mara tisa. Changu hujawahi kukipima hata siku moja. Kalia."

Jasho lilimtoka pale usoni, mtu mzima wa miaka arobaini na mitatu. Alishika mikono ya kiti pande zote mbili, akajishusha kidogo kidogo. Kikalio kikashuka naye. Akaketi. Akaacha uzito wote, akafumba macho, na mimi nikafumba yangu.

"Umekaa vizuri?" Everlyn akamuuliza.

Alitikisa kichwa kukubali.

Everlyn akautoa mkono, akauinua mbele ya macho ya ndugu yake, akavichezesha vidole.

"Vinne na nusu," akasema. "Ni vilevile nilivyokuja navyo. Haya, sogea kwa hicho kingine, nami nikae."