Mwenye Ndonya Sebuleni

Mwaka 1998 Bibi Somoe alihamia Ufukoni, kwa mwanawe Zuberi, karani wa bandarini. Uso wake umejaa chale za Kimakonde, na mdomo wa juu una tundu la ndonya, kile kipande cha mti alichotiwa alipokuwa mwali. Wageni kutoka mikoa ya mbali wakibisha hodi, Zuberi humnong'oneza, "Mama, pita jikoni kidogo." Naye hupita, khanga mdomoni, kama kuku aliyefukuzwa sebuleni. Akiwa huko huwasikia wakikisifu kinyago cha mpingo kilicho juu ya kabati: mwanamke mwenye chale na ndonya. Wakishaondoka, Bibi hukipangusa vumbi.

"Polepole, mama," Zuberi humwambia. "Kitu cha thamani hicho."